Picha Haipunguzi Kitu? Nani Kasema?

“Kwani nikikupiga picha nitakupunguzia nini?”

Kauli hii haina mwenyewe. Anaitumia dereva wa watalii aliyesimamisha gari kando ya barabara ya Nata, akimwombea mgeni wake ruhusa kwa mama aliyejitwika mzigo wa kuni. Anaitumia kijana mwenye simu janja mnadani, mwandishi wa habari aliyetumwa Tarime kutafuta sura ya kupambia habari ya ukeketaji, na ofisa wa mradi ambaye ripoti yake haikamiliki bila watoto wanaocheka. Imekuwa hoja ya kufungia mjadala. Ukiulizwa hivyo ukazidi kukataa, basi wewe ni mshamba, au mchoyo, au kuna jambo unaficha.

Ni hoja mbovu, na imedumu kwa sababu inafanana na ukweli. Kamera haichuni ngozi. Mwanga uliogonga uso wa mtu ukaingia kwenye lenzi ungepotelea hewani hata hivyo. Lakini picha si mwanga peke yake. Kabla ya kidole kubonyeza kuna gari lililosogea, mnyama aliyegeuka, mtu aliyekatizwa kazi yake akaambiwa asimame pale. Baada ya kubonyeza kuna safari ndefu ambayo aliyepigwa hapewi habari zake. Humo ndimo vitu vinamopungua, na kama kuna mahali Tanzania ambapo hesabu hiyo inaweza kupigwa kwa ushahidi, ni wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako kamera ni uchumi. Serikali huita biashara hiyo utalii wa picha, kuitofautisha na uwindaji wa kitalii. Mwindaji analipia nyati na kuondoka na pembe. Kila mtu anaona alichochukua. Mtalii wa picha aliyetoka nje ya nchi, kama ni mtu mzima, analipa dola 70 kwa siku kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti katika msimu wa wageni wengi, kabla ya kodi, na inadhaniwa anarudi kwao mikono mitupu.

Tuanze na nyumbu.

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, makundi yao huwa kaskazini mwa hifadhi, na huvuka Mto Mara kwenda na kurudi wakifuata majani. Kuvuka huko ndiyo picha inayotafutwa kuliko zote Serengeti. Julai 2025 video zilizopigwa Kogatende, kando ya mto huo, zilisambaa duniani kwa sababu zilionyesha upande ambao picha hizo huwa zinauficha: watalii wameshuka kwenye magari, kinyume cha kanuni za hifadhi, wamejipanga ukingoni simu mkononi, na nyumbu waliokosa njia wanajirusha mtoni kutoka kwenye genge. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lililaani kitendo hicho na kuahidi hatua. Mitandaoni watu walikasirika kwa siku kadhaa, wengi wao wakiwa ni wale wale ambao wiki iliyotangulia walikuwa wakizipenda na kuzisambaza picha za nyumbu wakivuka. Hawakujiuliza zinapatikanaje.

Zinapatikana kwa kusubiri, na kusubiri huko kuna adabu yake. Nyumbu hufika ukingoni wakasongamana. Wa mbele hushusha kichwa, akanusa maji, akarudi nyuma. Kundi zima likageuka kwa miguno na vumbi. Baadaye wanarudi pale pale. Inaweza kuwa hivyo kutwa, mpaka jua linazama hakuna aliyelowesha kwato. Madereva wanaoijua kazi huegesha mbali, nyuma ya vichaka, wakazima injini na kuwaomba wageni wanyamaze. Gari halisogei mpaka wa kwanza wameshaingia majini, maana wakishaanza kuogelea, walio nyuma huwafuata bila kujali sana nani anawatazama. Mpangilio wote huo unaharibiwa na gari moja. Dereva mwenye wageni waliolipia siku mbili tu anawasikia wanaguna nyuma yake, anakumbuka bahashishi, anawasha injini na kusogea kidogo. Wenzake nao wanasogea, kwa kuwa hakuna anayetaka wageni wake wapige picha migongo ya magari. Nyumbu wa mbele anakuta ukuta wa mabati mahali palipokuwa na njia.

Mtetezi wa kamera atasema nyumbu wanakufa Mara hata pasipo na mtu. Ni kweli, na takwimu zipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 huzama katika mto huo kila mwaka. Mizoga yao hulisha mamba, samaki na tai, na mifupa yao huendelea kuupa mto virutubisho kwa miaka. Kifo hicho ni sehemu ya maisha ya mto. Lakini nyumbu aliyezidiwa na maji yaliyojaa hakuzuiwa na mtu. Yule aliyejirusha gengeni kwa sababu njia yake ilikuwa imesimamiwa na watu wenye kofia pana, huyo ana mtu wa kumdai. Kutumia kifo cha wa kwanza kufunika cha wa pili ni ujanja wa wakili asiye na kesi.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha kitabu kilichoishangaza Ulaya, chenye picha za wanyama porini, baadhi zikiwa zimepigwa usiku kwa flashi, katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Watu waliona ufundi mpya, na ulikuwa ufundi kweli: mitambo mizito, unga wa kuwaka, waya na bamba za kioo zinazovunjika. Kilichotajwa kwa nadra ni punda. Ili simba aje mbele ya lenzi, punda au ng’ombe alifungwa kwenye kigingi, na kamba ilihakikisha haendi popote. Picha za mwanzo kabisa za simba wa nchi hii usiku zililipiwa na mnyama ambaye hakuna aliyemuuliza zitampunguzia nini.

Leo kamba hiyo haipo, ila madhara yamekuwa magumu kuonekana kwa macho, na hapo ndipo imani kwamba picha haipunguzi kitu inapopata mwanya. Chukua duma. Upande wa pili wa mpaka, Maasai Mara, ambako ikolojia ni ile ile moja, mtafiti Femke Broekhuis alichapisha mwaka 2018 matokeo ya kufuatilia duma majike na watoto wao. Kwenye maeneo yenye watalii wengi, jike alifanikiwa kukuza kwa wastani watoto 0.2 kwa uzao mmoja. Kwenye maeneo yenye watalii wachache, 2.3. Hakuna gari lililoonekana likimkanyaga mtoto wa duma. Inaelekea ni mrundikano wa mambo madogo: mama anaacha kuwinda kwa sababu kuna magari kati yake na swala, anahamisha watoto mara nyingi kuliko inavyofaa, au anafukuzwa kwenye mawindo yake na wanyama wakubwa. Kila mgeni aliyempiga picha duma yule na watoto wake anaweza kuapa kwa dhati kwamba hakumfanya lolote. Akisema peke yake, hasemi uongo. Tatizo ni kwamba hakuwa peke yake.

Droni inatoa ushahidi wa aina nyingine, na unachekesha kidogo. Wapenzi wa picha za angani hulalamika kwamba Serengeti hairuhusiwi kurusha droni bila kibali maalumu; wanadai kidude kidogo namna ile hakiwezi kumsumbua tembo. Wanavijiji na askari wa wanyamapori wanajua vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka maeneo ya Tarangire na Serengeti ulionyesha kwamba droni ni miongoni mwa zana nzuri za kuwafukuza tembo mashambani: akisikia mlio ule juu ya kichwa, tembo anakimbia. Kamera ile ile, mlio ule ule. Ikiwa juu ya shamba la mahindi la mkulima wa wilaya ya Serengeti inaitwa kinga. Ikiwa juu ya tembo anayekunywa maji machweo inaitwa sanaa, na tembo anatakiwa asitofautiane na jina.

Kwa binadamu hesabu inakuwa chungu zaidi.

Mfikirie bibi wa kijiji chochote cha pembezoni, tuseme Robanda au Nyichoka, ambako magari hupita kwenda na kutoka lango la Ikoma. Amepigwa picha akipepeta ulezi, akianika mihogo juu ya mwamba, akiwa amekaa tu mlangoni. Mara ngapi, hakuna ajuaye. Siku akifariki, wajukuu wanatafuta picha ya kubeba mbele ya jeneza, na hawaipati. Masanduku yanapekuliwa, Biblia inakung’utwa. Kinachopatikana ni kadi ya mpiga kura ya mwaka 2015, uso umekakamaa kwa kuogopa mashine ya BVR ya kuandikisha wapigakura, plastiki imefifia. Kadi inapelekwa studio mjini Mugumu kwa bodaboda. Fundi anaiskani, anautoa uso peke yake, anaukuza, anafuta mikwaruzo, anamvisha marehemu gauni ambalo hakuwahi kulimiliki na kumwekea bustani ya maua nyuma yake, na kabla ya mwili kutoka nyumbani picha imeshafika, iko ndani ya fremu. Sura yake imo kwenye kompyuta za watu asiowajua, huko Ulaya na Marekani. Nyumbani kwake iliyobaki ni ile iliyopigwa na Tume ya Uchaguzi.

Sasa mtu amwambie mjukuu yule kwamba picha haipunguzi kitu.

Maana kilichopungua hapa kinahesabika: bibi alitoa muda wake, uso wake na ukarimu wake, na hakupata hata karatasi. Jambo hilo linaonekana vizuri zaidi mtu akimtazama mpigapicha wa mtaani, yule wa Tarime mjini au Sirari au stendi ya Mugumu, ambaye wenye lenzi ndefu humpita bila kumwona. Kwake mambo yamepinduliwa. Anayepigwa ndiye anayelipa, na anayelipa ndiye anayeondoka na picha. Zamani za filamu mteja alivumilia, kwa kuwa roli ya picha 36 ilibidi iishe ndipo ipelekwe kusafishwa, na mpigapicha aliyechelewesha picha za kipaimara aliandamwa mpaka nyumbani kwake. Siku hizi printa ndogo inamaliza kazi mteja akiwa amesimama. Katika biashara hiyo hakuna anayemuuliza mwenzake picha inapunguza nini. Bei imetajwa, mali imekabidhiwa.

Na tazama anavyofanya kazi. Tarime na Mugumu ziko karibu na ikweta. Jua likishachomoza halikawii, na ikifika saa nne asubuhi limekaa juu ya paji la uso, macho yamegeuka mashimo meusi. Mpigapicha hambishii jua. “Shikamoo mama. Njoo huku barazani, geuka kidogo kwa ukutani. Hapo hapo.” Ukuta mweupe wa duka la jirani unarudisha mwanga taratibu kwenye shavu, na ngozi nyeusi ambayo nje ilikuwa doa moja inapata rangi zake zote: wekundu wa juu ya mfupa, kung’aa kwa paji, mikunjo ya pembeni mwa jicho. Anasogea yeye, si mteja. Anangoja mama aweke kitenge sawa, kwa kuwa asipongoja picha itakataliwa na hela itarudishwa. Ufundi wote huo umezaliwa na jambo moja: mpigwa picha ana uwezo wa kusema “sitaki hii, rudia.” Mama wa kuni kando ya barabara ya Nata hana uwezo huo, ndiyo maana uso wake kwenye picha nyingi za safari ni kivuli chini ya mzigo.

Hata filamu yenyewe iliwahi kuwa na upande. Kwa miaka mingi maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley. Sura za Waafrika zilitoka zimefifia au zimezama gizani, na lawama wakabebeshwa wapigapicha wasiojua kazi. Picha iliwapunguzia watu weusi nyuso zao, bila fumbo lolote, kiwandani kabisa.

Kuna simulizi inayopendwa sana na wageni, kwamba wazee wa makabila ya huku hukataa picha kwa kuamini kamera inaiba roho. Ni simulizi yenye manufaa kwa anayeisimulia, kwa kuwa inageuza madai kuwa ushirikina. Mzee wa Kikurya anayemwambia kijana mwenye kamera, “Hiyo picha utaniletea lini, mura?” hajataja roho. Anaulizia mali yake. Kijana asipokuwa na jibu, mzee anafunika uso kwa kofia na maongezi yanaishia hapo, na jioni kijana anasimulia kambini juu ya imani za kale.

Halafu kuna picha ambazo zinapunguza kitu kisichorudi.

Mwishoni mwa mwaka, katika msimu wa tohara, barabara za Tarime na baadhi ya vijiji vya Serengeti hujaa misafara. Vijana waliotahiriwa huimbiwa na kupongezwa. Na katika koo ambazo bado zinakeketa, mabinti nao huzungushwa wakiwa wamefunikwa kanga, wameshikiwa miavuli, wamebandikwa noti kifuani. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kila simu iliyonyanyuliwa barabarani siku hiyo inarekodi mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani sherehe na kosa. Jirani anaipeleka picha kwenye kundi la ukoo. Mwanaharakati anaichukua kutoka huko na kuisambaza kwa hasira. Gazeti linaiweka ukurasa wa mbele. Wote watatu wana nia tofauti, wawili kati yao nia njema kabisa, na wote watatu wamemwacha binti wa miaka kumi na miwili na uso wake wazi, akiwa na siku ile imeganda mtandaoni atakapotafuta shule, kazi na mume. Ni ajabu kwamba mwandishi ambaye asingethubutu kuandika jina la mtoto aliyefanyiwa ukatili anaona ni sawa kuuonyesha uso wake, kana kwamba majirani wanatambuana kwa majina.

Waliokaa na mabinti hao kwa karibu wanafanya vingine. Mjini Mugumu shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly mwaka 2017, huwapokea wasichana wanaokimbia kisu. Kazi yao imesaidiwa sana na picha, ila si picha za nyuso. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, uliwakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wakae mbele ya kompyuta zao, wakitazama picha za setilaiti za vijiji vya Serengeti na maeneo mengine ya vijijini Tanzania, na kuchora juu yake barabara, njia za ng’ombe na paa za nyumba kwenye ramani huria. Zamani ujumbe wa binti usiku ulikuwa na jina la kijiji tu, na kijiji cha huku kinaweza kuwa na maboma yaliyotawanyika kwenye vilima vingi. Gari la polisi lingezunguka mpaka alfajiri. Ramani ilifupisha msako. Hizo ni picha ambazo hakuna aliyewahi kuzipachika ukutani, zimepigwa kutoka angani bila mtu kutabasamu, na huenda ndizo picha zenye faida kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa wilayani.

Jambo hilo linahitaji kusemwa kwa sababu anayeshambulia kauli ya “haipunguzi kitu” hudhaniwa anataka kamera zifungiwe kabatini. Sivyo. Katikati ya hifadhi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 kuanzia mwaka 2010. Hazina mpigapicha; kitu kikipita, zinapiga zenyewe. Kufikia mwaka 2013 zilikuwa zimekusanya matukio ya picha milioni 1.2, na yenye wanyama yalikuwa 322,653 tu. Yaliyobaki mengi ni majani yaliyotikiswa na upepo. Zaidi ya watu 28,000 waliojitolea mtandaoni waliyapitia moja moja, huyu nyumbu, huyu fisi, hapa hakuna kitu. (Wanyama wenyewe walitoa maoni yao: fisi walizitafuna kamera, tembo wakazing’oa.) Kabla ya hapo, tangu mwaka 1966 alipoanza George Schaller, watafiti wa simba wa Serengeti wametunza kumbukumbu za kila simba, wakimtambua kwa mpangilio wa madoa ya mashina ya sharubu zake, jambo ambalo picha hulithibitisha vizuri kuliko jicho. Picha za namna hiyo nazo zinachukua kitu. Tofauti ni kwamba zinajua zinachukua nini, na zinakirudisha kikiwa maarifa.

Hata ustadi wa juu kabisa hauondoi deni. Mmarekani Michael Nichols aliishi na kundi la simba wa Serengeti liitwalo Vumbi kwa miezi karibu sita, mpaka majike wakamzoea, ndipo akawapiga picha nyeusi na nyeupe wakiwa wamelala juu ya mwamba, majike watano na watoto wao. Picha hiyo ilimpa ushindi wa mpigapicha bora wa wanyamapori wa mwaka 2014 katika shindano la Makumbusho ya Historia Asilia ya London. Ni picha nzuri isiyo na ubishi, na imetengenezwa kwa subira ambayo Kogatende ingeihitaji sana. Miezi michache baada ya kupigwa, kundi lilitoka nje ya mipaka ya hifadhi na majike watatu wakauawa. Picha haikuwaua. Lakini pia sifa zote zile hazikuwafuata kule nje kuwalinda, kwenye ardhi ya watu wenye ng’ombe ambao hakuna aliyekuwa amewapelekea nakala.

Imebaki hoja ya fedha, na ndiyo nzito. Utalii wa picha unalipa. Vijiji vitano vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, Robanda, Nyichoka, Nata-Mbisso, Makundusi na Park Nyigoti, vinapata mapato kwa sababu watu wanataka kuja kupiga picha, na madarasa yaliyojengwa kwa fedha za wageni hayana kosa. Ila fedha inayolipwa langoni inanunua kuingia. Hainunui kushuka garini, hainunui njia ya nyumbu, na hainunui uso wa mama aliyejitwika kuni nje ya lango. Katiba, ibara ya 16, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetungwa kulinda taarifa zinazomtambulisha mtu. Ni taarifa gani inayomtambulisha mtu kuliko sura yake? Mama wa Nata hana wakili, kwa hiyo swali hilo halijamfikia dereva.

Mambo ya kufanya hayahitaji kongamano. Printa ya mfukoni inaingia kwenye kisanduku cha mbele cha gari la safari na bado nafasi ya maji ya kunywa inabaki. Mgeni anapiga, picha inatoka, mama anaondoka nayo, na kama hakuipenda inafutwa mbele yake. Wahariri wanaweza kukubaliana kabla ya msimu ujao kwamba nyuso za mabinti hazitatoka. Gumu zaidi liko kwenye ofisi za kampuni za utalii, ambazo matangazo yake humwahidi mgeni kuvuka kwa nyumbu, wakati nyumbu hawajawahi kusaini ratiba. TANAPA wanaweza kumfungia dereva mmoja leo kwa kusogeza gari ukingoni. Tangazo likibaki vile vile, Julai inayofuata dereva mwingine atakuwa pale Kogatende na wageni wa siku mbili, wameshalipa, wanatazama saa.